Kifo cha Mfalme T'Chaka, Kinavyosimuliwa Juba

Mtafsiri wa filamu hapimwi kwa mapigano. Kuunguruma ngumi zinaporushwa, kuigiza mlio wa bunduki kwa mdomo, kumbandika adui jina la kuchekesha, hayo kijana yeyote mwenye koo zima atayamudu kabla masika hayajaisha. Ukitaka kumjua fundi, ngoja baba wa stelingi auawe. Hapo wengi hukohoa, husema mzee amekwenda, wakakimbilia pale mtoto ameshakuwa mtu mzima na ana deni la kulipiza.

Ustaz, kama wateja wake walivyomwita, hakukimbia. Kibanda chake cha filamu kilikuwa nyuma ya soko la Konyo Konyo, mjini Juba: mabati juu, maturubai pembeni, mabenchi ya mbao, jenereta ikitetemeka nje. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na skrini, maikrofoni mkono huu, rimoti mkono ule, na lugha yake ilikuwa Kiarabu cha Juba kilichotiwa Kiswahili cha Kakuma, kambi ya wakimbizi ya Kenya alikokulia. Filamu aliyoimudu kuliko zote ni Captain America: Civil War ya mwaka 2016, na ndani yake kipande kimoja tu. Ni Vienna, ukumbi wa mikutano. Mfalme T'Chaka wa Wakanda anayahutubia mataifa, akiwataja raia wake waliouawa Lagos. Mwanawe, T'Challa, yuko dirishani. Anaona jambo nje, anapiga kelele watu walale chini, anamkimbilia baba yake, na bomu linalipuka kabla hajamfikia.

Kwenye filamu kifo hicho kinapita upesi mno. Ustaz alikipa nafasi yake. Hotuba ilipoanza tu alisimamisha picha kwenye uso wa mfalme, akaanza kumtaja: mwana wa nani, mjukuu wa nani, amekuja ugenini kwa shida gani. Akamjazia mambo ambayo watunzi wa Marekani hawakumpa: ng'ombe aliowatoa mahari, majirani aliowapatanisha, mto aliouvuka na T'Challa mgongoni akiwa bado mchanga. Hakuna aliyesema anadanganya. Mzee mmoja wa Kidinka, aliyeuza tumbaku mlangoni, aliingiza kichwa akauliza fahali aliyetangulia kwenye ile mahari alikuwa na rangi gani. Ustaz akamjibu palepale, rangi na mpindo wa pembe. Mzee akaridhika. Ndipo rimoti ikabonyezwa, bomu likalipuka, na aliyekufa alikuwa mtu tunayemfahamu.

Baada ya hapo hakutamka neno. T'Challa alipiga magoti akiwa amempakata baba yake, na Ustaz akailaza maikrofoni mapajani mpaka picha ilipobadilika. Kisha akatoa pole kama zinavyotolewa matangani, kwa mtoto, kwa mama, kwa ukoo mzima, na watu mabenchini wakaitikia.

Kwamba shujaa huzaliwa na maiti ya baba yake, wasimulizi wamelijua zamani. Novemba 1939, katika Detective Comics namba 33, Thomas Wayne na mkewe walipigwa risasi mbele ya mtoto wao, na kurasa mbili zilitosha kumfanya mtoto huyo Batman. Agosti 1966 watunzi wa katuni Stan Lee na Jack Kirby walimwua T'Chaka kwa mara ya kwanza, kwa mkono wa Klaw, mwizi wa madini ya Wakanda. Wahindi nao wana filamu ya Zanjeer ya mwaka 1973: mtoto amejificha kabatini, wazazi wake wanauawa usiku wa Diwali, naye anachokiona ni bangili ya muuaji yenye farasi mweupe. Na kabla ya wote hao pwani yetu ilikuwa na Fumo Liongo, aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Alijikokota hadi kisimani, akapiga goti, akatia mshale kwenye upinde, akafa vivyo hivyo, na mji ukakaa na kiu kwa kumwogopa maiti. Bibi zetu hawakupafupisha hapo kisimani. Waliruhusu ndoo zirudi tupu mara nyingi kadiri watoto walivyoweza kuvumilia.

Watafsiri wa filamu ni wajukuu wa bibi hao. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, ambaye sauti yake ilijaza vibanda umiza vya mitaani. Kampala ina VJ Jingo na VJ Junior, na kule Wakaliga, mtengeneza filamu Nabwana alipotoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, VJ Emmie aliisemea juu kwa juu mpaka sauti yake ikawa sehemu ya filamu yenyewe. Kenya ina DJ Afro. Wasomi wamechelewa kuwaheshimu, kwa sababu wanatafsiri wasichoambiwa na kuongeza kisichokuwepo. Lakini kuongeza ndiyo kazi yenyewe. Anayetafsiri maneno tu ameleta maneno, na baba wa watu bado yuko mbali, kwenye skrini, na suti yake.

Ustaz alikwenda mbali zaidi ya wengi kwa sababu aliona jambo ambalo mimi, kama nilivyokiri mbele yake, sikuliona mpaka aliponionyesha. Kwenye Civil War hajafa baba mmoja. Zemo, aliyelitega bomu la Vienna, naye ana maiti wake: baba yake alikutwa chini ya kifusi cha vita kwao Sokovia akiwa bado amemkumbatia mke wa Zemo na mtoto wake. Mayatima wawili, basi, wamekaa kwenye theluji mwisho wa filamu, na T'Challa anaushika mkono wa Zemo asijiue. Halafu inakuja Black Panther ya mwaka 2018, na humo yule mfalme tuliyemlilia tunaambiwa ni muuaji. Mwaka 1992, Oakland, T'Chaka alimwua ndugu yake N'Jobu, akamwacha mtoto wa marehemu mtaani, akarudi kwake kimya. Mtoto huyo ni Erik. Anapokutana na roho ya baba yake, baba anamuuliza mbona hamlilii; anajibu kwamba kufa kule kwao ni kawaida.

Ustaz alipofika hapo, kibanda kizima kilikuwa kinamsikiliza yeye, si filamu. Mwaka ule ule wa 1992 ndipo kambi ya Kakuma ilipofunguliwa, kwa ajili ya maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuja kwa miguu, wengi hawajui baba zao wamelala wapi. Yeye aliijua kambi ile kwa harufu ya vumbi lake. Na waliokaa kwenye mabenchi yake walikuwa vijana wa Gudele na Munuki, mitaa ya Juba ambayo Desemba 2013, vita vilipozuka, ilitoa mayatima kwa usiku mmoja, na Julai 2016, viliporudi, ikaongeza wengine. Hakuhubiri. Aliwaeleza tu kwamba T'Challa alikuwa na mama, dada, wazee wa koo, watu wa kumwambia baba yako alikuwa hivi, na hapa alikosea. Erik hakuwa na wa kumwambia. Alikuwa na maiti sakafuni, na iliyobaki akajisimulia mwenyewe.

Aliyemwigiza T'Chaka, John Kani wa Afrika Kusini, ana msiba wake pia: ndugu yake aliuawa na polisi mwaka 1985, na kutokana na kifo hicho akaandika mchezo wa Nothing But the Truth. Ni yeye aliyewapa watu wa Wakanda lugha ya Kixhosa. Katika Black Panther ujana wa T'Chaka umechezwa na mwanawe wa kumzaa, Atandwa. Sishangai kwamba dakika chache za mzee huyo zilibeba uzito wote ule. Ustaz aliuhisi uzito huo akiwa Juba, na spika mbovu na mafuta ya jenereta yanayokaribia kwisha.

Kibanda hakipo tena. Siku hizi mtu anapeleka simu au kadi yake kwa kijana mwenye kompyuta pale soko la Custom, anajaziwa filamu kwa bei ya chai, anakwenda kuitazama peke yake kitandani. Sina ugomvi na simu. Ugomvi wangu ni na kidole. Kidole kinapitisha hotuba ya mzee, kinapitisha kilio, kinatua kwenye mapigano ya uwanja wa ndege. Hakuna wa kuuliza rangi ya fahali, wala wa kuitikia pole. Na wanaojaza kadi wameshajua soko lao, hivyo wanakata vipande vya ngumi na kuviuza mbali mbali. Watu wazima wanaliona hili na kuliita maendeleo, na wengine wetu ndio tunaowapa watoto hela ya kujaza hizo kadi.

Juzi kijana mmoja wa bodaboda aliniambia T'Challa ni mwoga, alimshika muuaji wa baba yake kwa mikono yake miwili akamwachia uhai. Nilimuuliza aliona nini pale Vienna. Vienna ipi, akasema. Nikamuuliza habari za baba yake Zemo. Hajamsikia. Ni kijana mwenye akili, mkarimu, na baba yake mwenyewe hakurudi nyumbani Desemba ile ya 2013.

Ustaz anauza vocha za simu sasa, mita chache kutoka kilipokuwa kibanda. Sauti yake haijapungua. Ukimtajia T'Chaka anaweka vocha chini na kuanza na babu yake mfalme. Hakuna aliyewahi kumrekodi hata saa moja. Juba ina vituo vya redio, na usiku vingi vinapiga muziki bila mtu studioni. Kimoja kimpe kiti na maikrofoni, bila picha yoyote, naye atawasimulia kifo cha mfalme kwa Kiarabu cha Juba na Kiswahili chake cha Kakuma, kwa urefu anaoutaka mwenyewe.