NYUMBA YA MNYONGE, HESABU YA TAJIRI

Wapo wanaodai kwamba Marekani imepata dawa ya tatizo la nyumba bila serikali kujenga hata chumba kimoja. Hutuonyesha majengo mapya ya pango nafuu katika miji midogo na kutuambia kuwa hiyo ni kazi ya soko. Hatuna budi kuichambua hoja hii kwa makini, maana majengo hayo yapo kweli, na nusu ya ukweli hupotosha kuliko uongo mtupu.

Tangu sheria ya 1937, serikali ya shirikisho ilikuwa ikigharamia nyumba za umma. Januari 1973 Rais Nixon akasimamisha misaada mipya ya nyumba. Mwaka 1986, chini ya Rais Reagan, sheria ya kodi ikaleta njia nyingine, nayo ndiyo njia kuu hadi leo. Kila jimbo hupewa fungu la punguzo la kodi kwa kadiri ya idadi ya watu wake. Makampuni ya ujenzi hushindania fungu hilo. Anayeshinda huingia ubia na wawekezaji, hasa mabenki. Wao hutoa fedha za kujengea, na kwa miaka 10 hupunguziwa kodi. Zaidi ya nyumba milioni 3 zimejengwa au kukarabatiwa kwa njia hii. Hatulikani jambo hilo. Swali letu ni hili: nani analipa, na nani anamiliki?

Kwanza, tutazame pango. Kiwango chake hakifuati mshahara wa mpangaji, bali kipato cha kati cha eneo. Tuchukue mfano wa mji ambao kipato hicho ni dola 60,000 kwa mwaka. Asilimia 60 yake ni dola 36,000, na pango laweza kufika asilimia 30 ya hizo, yaani dola 900 kwa mwezi. Mfanyakazi wa kima cha chini cha shirikisho, ambacho tangu 2009 ni dola 7.25 kwa saa, akifanya kazi mwaka mzima hupata dola 15,080. Pango hilo litameza zaidi ya theluthi mbili za jasho lake. Bila ruzuku nyingine, nyumba inayoitwa ya mnyonge humpita mnyonge mwenyewe.

Pili, tutazame muda. Sheria inataka pango lidhibitiwe kwa miaka 30. Lakini baada ya mwaka wa 14 mwenye jengo aweza kuliomba jimbo limtafutie mnunuzi. Asipopatikana katika mwaka mmoja, masharti huondoka, na wapangaji hubaki na kinga ya miaka 3 tu. Baadhi ya majimbo yameuziba mwanya huo, mengine hayajauziba. Katika mji mdogo wenye jengo moja tu la namna hiyo, likitoka hilo, yamekwisha.

Tatu, tutazame uamuzi. Mwaka 2017 kodi ya faida ya makampuni ilishushwa kutoka asilimia 35 hadi 21. Haja ya mabenki ya kununua punguzo ikapungua, bei yake ikashuka, na miradi ikabaki na pengo la fedha. Uhitaji wa nyumba haukupungua hata kidogo. Kilichobadilika ni hesabu ya tajiri. Mji mdogo huumia zaidi, kwa kuwa mwanasheria na mhasibu wanataka ujira wao hata kama nyumba ni 20 tu. Sheria ya Julai 2025 imeongeza fungu la majimbo kwa asilimia 12 kuanzia 2026. Fungu limekua, lakini uhusiano ni ule ule.

Ni dhahiri basi kwamba madai ya kuwa serikali haikulipa hayana msingi. Kodi iliyosamehewa ni fedha ya umma, sawa na iliyotoka hazinani. Umma umelipa, ila umeacha haki ya kumiliki ulichokilipia. Tajiri amepunguziwa kodi, mwenye jengo amebaki na jengo, na mpangaji amepewa muda. Kada au mwanafunzi anayetaka kuupima mpango wa namna hii asihesabu mapaa peke yake. Aulize jengo litakuwa la nani mwaka wa 31, na mpangaji wa siku hiyo atahamia wapi.