Wajukuu Watatusomaje?



Jioni moja niliwasomea vijana wangu kitabu cha Mathias Mnyampala kiitwacho Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Nilipokifunga niliwaongezea habari za njaa ya Mtunya, kama wazee wetu walivyotusimulia: jinsi wazazi wengine walivyowaweka watoto wao rehani kwa watu wenye akiba, ili wapate nafaka. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, watu wa siku zile hawakuona kuwa ni vibaya?" Sikuweza kumjibu upesi. Nilirudi nyumbani nikakisoma kitabu tena, nikiwa na swali lake moyoni, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza yafaa tumshukuru mwandishi. Mnyampala alizaliwa Ihumwa, karibu na mji wa Dodoma, akawa mwalimu, kisha mtumishi wa serikali na mshairi mwenye sifa. Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1954, na mwaka 1995 kikatolewa kwa Kiingereza na Gregory Maddox. Wageni wengi waliopita Ugogo waliandika habari zetu kama watu wavivu, waombaji, wasio na mpango. Yeye aliandika kama mtu wa nyumbani, akaonyesha kwamba tuna asili, tuna koo, tuna taratibu zetu. Tena aliandika kwa Kiswahili, si kwa Kigogo, ili na jirani asome. Kwa kazi hiyo tuna deni kwake.

Lakini shukrani isitufumbe macho. Historia yake imejengwa juu ya koo na watemi: nani alitoka wapi, nani alitawala wapi. Hayo ndiyo waliyoyahifadhi wazee wanaume katika baraza zao, nayo ni mali. Ila kitabu kilichojengwa hivyo hakiwezi kumpa nafasi iliyo sawa mwanamke aliyekwenda kuhemea na mtoto mgongoni, wala mtoto aliyebaki kwa mwenye ghala. Mwandishi hakusema uongo. Alikaa palipokuwa na viti, akasikiliza waliokuwa wakisema.

Basi nirudi kwa swali la binti. Mtunya ilikuwa katika miaka ya 1918 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe na nafaka, na wanaume walikuwa wamepelekwa kubeba mizigo ya vita. Kisha mvua ikakosa. Mzazi aliyemtoa mtoto wake wakati ule hakuchagua kati ya wema na ubaya kama sisi tulioshiba. Alichagua kati ya mauti ya mmoja na mauti ya wote. Anayemhukumu huyo sawasawa na yule aliyempokea mtoto ili ajipatie faida, hahukumu kwa haki. Hii ndiyo kanuni ya kwanza: tumtenge aliyebanwa na aliyefaidika.

Kanuni ya pili ni ngumu zaidi. Twazoea kusema, "Ndivyo zilivyokuwa nyakati zile." Tazameni habari za utumwa. Misafara ilipita Mpwapwa na kuvuka nchi yetu. Wajerumani walipotawala hawakuufuta utumwa. Waliamuru tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru. Ulifutwa kwa sheria mwaka 1922, chini ya Waingereza. Je, ubaya wake haukujulikana mpaka mwaka huo? Aliyefungwa mnyororo hakungoja sheria ili aujue. Naye alikuwa mtu wa nyakati zile zile. Basi tusemapo kwamba watu wa zamani hawakujua, mara nyingi maana yetu ni kwamba waliojua hawakuulizwa.

Mnyampala mwenyewe anatupa mfano mwingine. Alifariki mwaka 1969, na mwaka uliofuata zilitoka Ngonjera za UKUTA, ambazo ndani yake aliyasifu mafundisho ya Azimio la Arusha. Maneno ya umoja na kazi ni mema. Lakini mwaka 1971 ilipokuja Operesheni Dodoma, watu wengi waliacha matembe yao wakaingia vijijini, wengine bila hiari. Walipata shule na zahanati. Walipoteza pia mashamba na malisho waliyoyazoea. Si haki kumlaumu mshairi kwa jambo lililotendeka yeye amekwisha kufa. Ila twajifunza kwamba sifa ya neno jema haitoshi. Yapasa kuuliza litatendwaje, na juu ya mgongo wa nani.

Sasa tujitazame. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba karibu nusu ya wanawake wa Mkoa wa Dodoma walikuwa wamekeketwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilisema kifungu hicho hakipatani na Katiba. Je, wajukuu watatukubalia tukisema hatukujua? Hatukubanwa na njaa kama watu wa Mtunya. Na mabinti wenyewe wamesema. Wengine wamekimbia nyumba za baba zao. Kadhalika, tumpitapo mwombaji wa Kigogo katika miji ya pwani na kumcheka, twaona ni mzaha. Yamkini wajukuu hawatacheka.

Wahenga walisema, majuto ni mjukuu. Basi nashauri hivi: anayeandika habari za kijiji chake leo asiishie barazani kwa wazee, aende na jikoni, aende na kisimani, aulize na huko.

Juma lililofuata nilimjibu yule binti. Nilimwambia, "Mtoto aliyewekwa rehani aliona. Hakuna aliyemwuliza." Akainamisha kichwa, kisha akaomba daftari.