Kaptula Hili ni la Nani?

Tukihakiki *Kaptula la Marx*, tamthilia ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1999, wengi wetu huishia palepale: mwandishi anawakejeli viongozi. Rais Kapera kavaa kaptula lisilomkaa, tunacheka, tunajaza karatasi ya mtihani, basi. Makala haya yanadai kwamba kicheko hicho ni cha kujikinga.

Tuanze na jina. Kwa kawaida tunasema kaptula *ya* fulani. Kezilahabi anasema kaptula *la*, na kwa badiliko hilo moja la ngeli vazi linakuwa pana kuliko kiuno. Ukubwa huo ndio hoja: itikadi imevaliwa na mtu ambaye hakujipima.

Je, ni marais tu waliolijaribu? Mwaka 1965 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kuipinga Uingereza kwa ajili ya Rhodesia. Oktoba 1966 waliandamana tena, safari hii kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara wakati wa utumishi. Haki ya Mwafrika wa mbali ilikuwa tamu. Ya mkulima aliyewasomesha ikagusa mfuko. Nyerere aliwarudisha makwao, akajipunguzia na yeye mshahara kwa asilimia 20. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, likawakataza viongozi kupangisha nyumba na kupokea mishahara miwili. Mwaka 1991, Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa. Kaptula likavuliwa kimyakimya.

Na sisi je? Tunaandika tasnifu juu ya wavujajasho, kisha tunamfokea mama ntilie eti anachelewesha wali. Tunakula kwa mkopo. Hela ikiingia, tunahamia hotelini, deni lake tunalisahau. Jamani, huyo mama ndiye tabaka tunalolichambua! Mimi mwenyewe nimewahi kumkwepa mmoja kwa kupitia njia ya nyuma ya bweni, begani nimebeba kitabu hikihiki.

Sisemi msomi asihubiri usawa mpaka awe fukara. Nasema uhakiki wetu una kasoro: unamhesabu mhakiki kama mtazamaji, wakati yumo jukwaani. Atakayeisoma upya tamthilia hii na ajiulize kwanza anadaiwa na nani. Wenye hoja tofauti wajitokeze; mjadala uko wazi.