Picha za Mlangoni: Shinyanga, Geita na Jicho la Mwenyeji

Sisi watu wa visiwani tumezoea kupigwa picha. Tangu akina Gomes na akina Coutinho walipofungua studio zao mjini Unguja, zama za masultani, bandari yetu, majahazi yetu na Beit al Ajaib vimesafiri dunia nzima juu ya kadi za posta. Nyingi katika picha zile ni nzuri, na baadhi yake leo ni ushahidi: tangu sehemu ya Beit al Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020, anayetaka kujua jengo lile lilisimama vipi hana budi kuzirejea. Hata hivyo, kadi ya posta humfuata msafiri. Huonesha kile alichokuja kukitazama. Ni nadra kukuta picha ya ufuo uleule, kutoka baraza ileile, wakati wa kaskazi na tena wakati wa kusi.

Nimeanza na nyumbani kwa sababu makala haya yanahusu mahali ambapo wengi wetu hatujapaona: Shinyanga, na ukanda wa dhahabu wa Geita ulio jirani yake, kusini mwa Ziwa Viktoria. Huko, kama kwengineko siku hizi, simu ya mkononi imemfanya mwalimu, mkulima na muuza duka kuwa mpigapicha wa ridhaa. Hapigi kwa ujira, wala hapandi gari kwenda kutafuta mandhari. Hupiga kilicho mbele ya mlango wake. Je, picha za namna hii tuzipime kwa mizani gani? Rai yangu ni kwamba picha moja ya mandhari, iwe nzuri iwavyo, husema nusu ya jambo. Nusu ya pili husemwa na picha ya mahali palepale, majira mengine.

Tuanze na ile inayopendwa kuliko zote: jua linazama nyuma ya mbuyu, na mbingu imewaka rangi ya chungwa. Sina ugomvi nayo, ila haina kwao. Jua lile ndilo lile tunalolitazama Forodhani, na mbuyu ukishakuwa kivuli cheusi unaweza kuwa wa Dodoma au wa Makunduchi. Mwenyeji aliyepiga picha ile ameazima jicho la mgeni akajitazama kwalo.

Shinyanga ina sababu ya pekee ya kuliogopa jicho hilo. Katika miaka ya 1920 na 1930 vichaka na misitu yake vilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kuwafukuza mbung'o. Shinyanga ya Kale ndiko mtaalamu wa Kiingereza, Swynnerton, alikoweka kituo chake cha utafiti wa wadudu hao. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, ng'ombe wakaongezeka, na uhamisho wa watu kwenda vijijini katika miaka ya 1970 ukavuruga utaratibu wa zamani wa kutunza malisho. Sifa ya Shinyanga ikawa ni jangwa. Mgeni aliyefika Agosti na kamera yake alirudi na ushahidi kamili: ardhi ya kijivu, majabali yaliyo uchi, vumbi nyuma ya ng'ombe. Kila picha ilikuwa ya kweli, na jumla yake ilikuwa na upungufu mkubwa.

Maana Wasukuma wana kitu kiitwacho ngitili. Ni eneo la malisho ambalo mwenyewe, au kijiji, hulifunga mvua zinapoanza, kiasi cha Novemba; mifugo haiingii, nyasi hukua mpaka zikakauka zikiwa zimesimama, na kiangazi kikikaza hufunguliwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulioanza mwaka 1986 na kufikia tamati 2004, ulijengwa juu ya desturi hiyo. Makadirio ya wataalamu wa misitu yanasema ngitili zilizokuwa zimesalia mwaka 1986 hazikuzidi sana hektari 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hektari 300,000, na migunga ilikuwa imechipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa bado hai ardhini. Mwaka 2002 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Basi tazama ngitili ya mwezi wa Julai katika picha. Macho ya pwani, yaliyolelewa na minazi na mikarafuu, yataona ukame: nyasi rangi ya majani makavu, miti isiyo na jani. Mwenyeji ataona ghala. Rangi ile iliyofifia ndiyo akiba ya ng'ombe wake, na aliyeipiga picha bila ya kuipaka kijani ametuonesha utajiri kwa sura ambayo hatukujua kuisoma. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ukiona nyasi zimesimama Julai, ujue yupo aliyezizuilia ng'ombe Januari. Lakini picha ya Julai peke yake haiwezi kutuambia hayo. Inahitaji ile ya Januari kando yake.

Hapa ushairi wetu unatusaidia. Kibwagizo hurudi na maneno yaleyale mwishoni mwa kila ubeti, na bado hakitui sikioni vilevile, kwa kuwa ubeti uliotangulia umebadilika. Anayesimama kizingitini pale pale, akaelekeza simu kwenye jabali lilelile kila mwezi, anafanya jambo la jinsi hiyo. Jabali ni kibwagizo. Mvua, vumbi na majani ndiyo beti. Atakayesema kwamba marudio haya yanachosha namkumbusha Wilson Bentley, mkulima wa Jericho katika jimbo la Vermont, Marekani. Tangu mwaka 1885 alipiga picha za chembe za theluji nyumbani kwake, kila majira ya baridi, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Hakuhitaji kwenda mbali, alihitaji kungoja.

Geita mtihani ni mgumu zaidi, kwa sababu huko jabali lenyewe linaweza kuondoka. Dhahabu yake ilijulikana tangu enzi za Wajerumani, ikachimbwa kutoka miaka ya 1930 hadi 1966, na mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mkubwa wa mashimo ya wazi. Pembeni yake, Nyarugusu, Rwamgasa na kwengineko, wachimbaji wadogo huchimba maduara yao na kuyaegemeza kwa matimba, yaani magogo yanayozuia kuta zisiporomoke. Kwa hiyo msitu nao huteremka shimoni.

Katika mandhari ya aina hii majira hubadilisha maana. Masika nyasi huota juu ya vifusi, na duara lililoachwa hujaa maji yanayong'aa kama kiziwa. Picha inayotokea ni ya kupendeza, na ni ya hatari kwa mtoto atakayedhani pale pana pa kuogelea. Kiangazi kifusi hujulikana kuwa ni kifusi. Shinyanga ukavu unaweza kuficha akiba. Geita kijani kinaweza kuficha jeraha. Mhakiki anayezipima picha za pande zote mbili kwa wingi wa kijani chake atakosea mara mbili.

Simtaki mpigapicha wa Geita awe mshitaki. Anayekula kwa duara ana haki ya kulipiga picha duara lake kwa fahari. Ninachokitaka ni ubeti uliotangulia: kilima kabla ya shimo, mti kabla ya timba. Kampuni ina picha zake na mgeni ana zake, kila mmoja kwa haja yake. Ile ya mwenyeji, aliyokuwa akiipiga asubuhi akisubiri chai, huenda ndiyo pekee itakayomwonesha mjukuu kilima ambacho hakikuagizwa na mtu kipigwe picha.

Nina ombi moja, nalo nalitoa katika mila yetu wenyewe. Watunzi wengi wa tenzi hawakuweka kalamu chini kabla ya kutaja, katika beti za mwisho, jina lao na tarehe waliyomaliza kazi. Wapigapicha wa Shinyanga na Geita nao waandike chini ya kila picha: mahali, siku, na upande walikoelekea. Bila ya hayo, picha ya Januari na ya Julai hazitajuana kuwa ni ndugu. Nasi wa visiwani, tulio na baraza na fukwe zinazoliwa na bahari mwaka hadi mwaka, tungefanya vyema kuanza vivyo hivyo kesho asubuhi.