Bamvua na Dibaji Isiyosema Kweli

Mwalimu mmoja wa Pangani alituletea kijitabu huria cha jiografia tukague istilahi zake. Humo, maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu yameitwa “maji ya majira ya kuchipua”. Neno la Kiingereza lina maana zaidi ya moja, na mfasiri ameshika jina la majira ya Ulaya. Mtoto aliyekulia mdomoni mwa Mto Pangani ataduwaa: kwao hayo ni bamvua, kinyume chake maji mafu, nayo huja mara mbili kwa mwezi, iwe kusi au kaskazi.

Kosa hilo hata binadamu angeweza kulitenda. Linalotukera ni dibaji kudai kwamba kimefasiriwa na “jopo la wataalamu”. Waandalizi walipoulizwa ndipo wakakiri kwamba ni akili mnemba. Pendekezo la UNESCO la 2019 linataka nyenzo huria ziweze kunakiliwa, kurekebishwa na kusambazwa na yeyote. Basi anayeambiwa “jopo” hunakili kwa imani. Angeambiwa ukweli, angemwuliza mvuvi kwanza.

Wako wanaoliita tendo hili “kufichua” matumizi ya akili mnemba. Hatulikubali: hufichuliwa njama na magendo, na nani atapenda kujifichua? Twapendekeza “kubainisha”: itajwe programu iliyotumika, sura ilizozifasiri, na aliyezisahihisha.

Mwalimu wetu amekwisha kuandika “bamvua” kwa kalamu katika nakala zake arobaini. Zilizonakiliwa kwingine hazimo mikononi mwake.