'Uholanzi' si kosa

Juzi mwanafunzi wangu mmoja alidai kwamba tunapotoka tunapoandika 'Uholanzi'. Eti Holland ni mikoa miwili tu, Noord-Holland na Zuid-Holland, kati ya mikoa 12 ya nchi hiyo. Tena tangu 2020 serikali ya huko imeacha kujitangaza kwa jina Holland. Akapendekeza tuseme 'Nchi za Chini'.

Hoja yake ina mashiko, ila hitimisho lina walakini. Hebu tutazame Rasi ya Iberia. Jina rasmi kwa Kihispania ni Países Bajos, kwa Kireno Países Baixos na kwa Kikatalani Països Baixos. Hata Kibaski, kisicho na udugu na lugha hizo, husema Herbehereak. Yote yana maana ya nchi za chini. Lakini mitaani Madrid na Lisbon, watu bado husema Holanda. Jina rasmi halijaliua la mazoea; kila moja lina mahali pake.

Sisi tuna jina moja tu, na limebeba nchi nzima. Tukikusudia mkoa, tutaje mkoa. Asili ya neno haiamui maana yake ya leo. Kama ingeamua, basi tungelitupa pia 'Ureno', ambalo wanaisimu hulihusisha na neno reino, yaani ufalme. Nchi hiyo imekuwa jamhuri tangu 1910, na sijasikia Mreno akilalamika!