Bahari ya Sur na Majibu Manne: Maarifa katika Riwaya ya Q & A na Filamu ya Slumdog Millionaire

Waswahili husema elimu ni bahari. Kwa kusema hivyo hukiri mambo mawili: kwamba elimu haimaliziki, na kwamba hakuna awezaye kudai kuimiliki. Mchezo wa chemshabongo umejengwa juu ya madai yaliyo kinyume. Ndani yake kila swali lina jibu moja, na anayelitaja jibu hilo hulipwa fedha. Nchini India mchezo huu ulipata kuwa jambo la taifa zima tarehe 3 Julai 2000, kituo cha Star Plus kilipoanza kuonyesha kipindi cha Kaun Banega Crorepati, kilichotokana na kipindi cha Uingereza cha mwaka 1998 na kuendeshwa na mwigizaji mashuhuri Amitabh Bachchan. Zawadi kuu ilikuwa krori moja, yaani rupia milioni 10. Washindani waliulizwa habari za Ramayana na Mahabharata, nyimbo za filamu, kriketi, vyakula vya majimbo, katiba na siasa. Na mamilioni ya watazamaji waliamini kwamba asiye na kitu, akijua, atasikilizwa.

Imani hiyo ndiyo aliyoishughulikia Vikas Swarup, mwanadiplomasia wa India, katika riwaya yake ya Kiingereza Q & A iliyotoka mwaka 2005. Miaka mitatu baadaye riwaya hiyo ikawa msingi wa filamu ya Slumdog Millionaire, iliyoongozwa na Danny Boyle kwa mswada wa Simon Beaufoy, ambayo mwaka 2009 ilitwaa tuzo nane za Oscar, mbili kati yake zikiwa za muziki wa A. R. Rahman. Sifa za filamu hiyo zimekwisha kuimbwa kiasi cha kutosha. Lisilopewa uzito unaostahili ni kwamba kazi hizi mbili, ingawa zina kisa kimoja, hazikubaliani juu ya maana ya kujua, na kwamba tofauti yao hudhihirika pale zinapomgusa mshairi mmoja.

Mhusika mkuu wa riwaya ni kijana mtumishi wa baa huko Mumbai aitwaye Ram Mohammad Thomas. Jina lake pekee ni muhtasari wa dhamira ya kitabu. Aliokotwa kanisani akiwa mchanga, akalelewa na padri. Na wajumbe wa dini nyingine walipokuja kuuliza kwa nini mtoto asiyejulikana wazazi wake apewe jina la Kikristo tu, akaongezewa la Kihindu na la Kiislamu. Kijana huyu anajibu maswali yote ya shindano la rupia bilioni moja. Kwa kuwa waendeshaji hawana fedha za kumlipa, wanawatumia polisi kumtesa akiri kwamba amedanganya. Mwanasheria Smita Shah anamwokoa, na usiku kucha kijana anamsimulia jinsi alivyolijua kila jibu. Kila sura ni kisa kimoja cha maisha yake, na kila kisa hufungwa kwa swali lililoulizwa.

Swarup amepata kueleza kwamba alivutiwa na jaribio la Sugata Mitra, aliyetia kompyuta ukutani mwaka 1999 kando ya mtaa wa mabanda wa Kalkaji, Delhi, watoto wasio na mwalimu wakajifundisha wenyewe kuitumia. Athari hiyo inaonekana. Maarifa katika riwaya hii hayatoki darasani. Yanatoka katika utumishi wa nyumbani, katika garimoshi, katika jela ya watoto, na aghalabu katika msiba. Ram hakusoma jambo hata moja kwa ajili ya kuulizwa, mambo yalimpata. Huo ndio uzito wa riwaya: jibu ambalo kwa mtazamaji ni kitu cha kupitisha wakati, kwa anayelijibu ni kovu.

Swarup anakwenda hatua moja zaidi, na hapa ndipo ukali wake ulipo. Swali la mwisho analoulizwa Ram kwanza linahusu jina la baba yake Mumtaz Mahal, malkia aliyejengewa Taj Mahal. Ram amepata kuishi Agra na kuwaongoza watalii kwenye kaburi hilo. Analijua jibu na analitoa. Waendeshaji wanashtuka, wanalifuta swali lile kwa hila, na kuweka jingine badala yake: sonata fulani ya Beethoven imo katika ufunguo gani wa muziki? Kitendo hiki kimoja kinaeleza mengi kuliko hotuba. Maskini anapojua kilicho chake, mwenye mchezo hubadilisha kinachostahili kujulikana.

Filamu imelitupa tukio hilo, na kwa kulitupa imepoteza jicho la kujitazama. Jina la mhusika nalo limebadilishwa: Ram Mohammad Thomas amekuwa Jamal Malik, Mwislamu, mhudumu wa chai katika ofisi ya huduma za simu. Badiliko hilo lina faida yake, kwani mauaji ya mama yake katika ghasia dhidi ya Waislamu wa Bombay yanakuwa chanzo cha jibu la swali juu ya silaha aliyoishika Rama katika mkono wa kulia. Mtoto aliyempoteza mama hawezi kusahau upinde na mshale. Lakini atazamaye mfululizo wa maswali ya filamu hataacha kugundua mwelekeo wake. Mwanzoni anaulizwa nyota wa filamu ya Zanjeer ya mwaka 1973, maneno yaliyo chini ya nembo ya taifa, Rama, kisha mshairi. Baada ya hapo yanakuja noti ya dola mia moja ya Marekani, mvumbuzi wa bastola, mcheza kriketi wa Uingereza, na riwaya ya Alexandre Dumas wa Ufaransa. Kadiri fedha zinavyopanda, ndivyo India inavyorudi nyuma. Katika riwaya kuhama huko ni hila inayofichuliwa. Katika filamu ni utaratibu usiosemwa.

Ni haki, hata hivyo, kuikumbuka hoja moja ambayo filamu imeitoa kwa ustadi. Mkaguzi wa polisi anamdhihaki Jamal kwa kutojua maneno yaliyo chini ya simba wa Ashoka, yasemayo kwamba ukweli pekee hushinda, maneno ambayo hata mtoto mdogo wa mkaguzi anayajua. Jamal anamjibu kwa maswali. Anamuuliza bei ya pani puri, vile vikaki vyembamba vya kukaanga vinavyojazwa maji ya viungo, katika ufukwe wa Chowpatty. Tena anamuuliza ni nani aliyeiba baiskeli ya polisi mmoja. Bei inakosewa, na mwizi mkaguzi hamjui, ilhali mtaa mzima unamjua. Katika dakika hiyo moja mtahini anatahiniwa, na inabainika kwamba ujinga hutegemea nani ameshika karatasi ya maswali.

Lililo zito zaidi ni swali la nne, la mshairi. Riwaya na filamu zote mbili zina kisa cha jambazi anayewakusanya watoto, kuwafundisha nyimbo za ibada, kisha kuwalemaza ili wakaombe barabarani. Katika riwaya swali linalotokana na kisa hiki ni jepesi na sahihi: Surdas, mshairi kipofu, alikuwa mja wa mungu yupi? Jibu ni Krishna, na hakuna msomi atakayelipinga. Katika filamu swali limegeuzwa: wimbo “Darshan Do Ghanshyam” ulitungwa na nani? Mtoto Arvind ameuimba vizuri na kwa sababu hiyo amepofushwa. Jamal, aliyeshuhudia, anajibu Surdas. Mwendeshaji anathibitisha, na watazamaji wanapiga makofi.

Jibu hilo si kweli. Wimbo huo ni wa filamu ya Narsi Bhagat ya mwaka 1957, muziki wake ni wa Ravi, na maneno yake yalitungwa na Gopal Singh Nepali, mshairi wa Kihindi aliyezaliwa mwaka 1911 huko Bettiah, katika nchi ya Champaran, jimbo la Bihar, na kufariki mwaka 1963. Jina lake halimo hata miongoni mwa majibu manne aliyopewa Jamal. Filamu inayodai kwamba maskini anajua kwa sababu ameishi imemlipa maskini huyo kwa jibu lisilo sahihi, na imemnyima mtunzi haki yake mbele ya ulimwengu mzima.

Mtetezi wa filamu aweza kusema kwamba kosa hilo ni dogo, na kwamba nyimbo za ibada nchini India hazina mwenyewe. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo inafaa kuchunguzwa. Diwani inayohusishwa na Surdas huitwa Sur Sagar, yaani Bahari ya Sur, na bahari hiyo imekuwa ikijaa maji ya mito mingi. Mapokeo husema Sur alitunga tungo 125,000. Toleo maarufu lililochapishwa katika karne ya 20 lina tungo karibu 5,000. Lakini hati ya kale kuliko zote yenye tarehe, ya mwaka 1582, ina tungo zake 239 tu. Zilizobaki nyingi zilitungwa na washairi wa baadaye waliotia jina la Sur katika ubeti wa mwisho, si kwa wizi bali kwa unyenyekevu, kama mtu achangiaye kisima cha msikiti bila kuandika jina lake. Hata habari ya kwamba alizaliwa kipofu inategemea visa vilivyoandikwa baada yake.

Kwa hiyo lipo tendo la heshima ambalo kwalo mshairi mdogo huizamisha kazi yake katika jina la mkubwa. Lakini tendo hilo hulifanya mwenyewe. Nepali hakuzamisha jina lake. Alitunga kwa ajili ya filamu inayomhusu Narsinh Mehta, mshairi wa Kigujarati wa karne ya 15, na akatambuliwa kwa utunzi huo. Kumwondolea jina mtu asiyeliondoa mwenyewe si mapokeo. Wapenzi wa taarabu ya pwani, iliyoazima lahani nyingi za filamu za Kihindi, wanaijua hali hii kwa karibu: sauti hukumbukwa, sura ya mwigizaji hukumbukwa, na aliyeyapanga maneno usiku husahauliwa. Sadfa iliyoje kwamba mwaka 2011 mtu wa kwanza kushinda krori tano katika Kaun Banega Crorepati, Sushil Kumar, alitoka Motihari, mji wa Champaran ileile iliyomzaa Nepali.

Kasoro, basi, haiko katika uzembe wa mwandishi wa mswada peke yake. Imo katika umbo la swali. Chemshabongo haliwezi kuuliza jambo lenye majibu mawili, na utamaduni wa India umejaa mambo ya namna hiyo. Nani aliyeanzisha rasgulla, vile viduara laini vya jibini mbichi vilivyochemshwa katika shira? Watu wa Bengali ya Magharibi humtaja Nobin Chandra Das wa Kolkata na mwaka 1868. Watu wa Odisha hutaja sadaka ya hekalu la Jagannath huko Puri. Serikali ilisajili rasgulla ya Bengali mwaka 2017, kisha ikasajili ya Odisha mwaka 2019, kila moja kwa jina lake na ladha yake. Ofisi ya usajili ilikuwa na hekima kuliko mchezo. Lugha ya taifa ya India ni ipi? Wengi watajibu Kihindi upesi. Katiba, katika kifungu cha 343, inakifanya Kihindi lugha rasmi ya Muungano, haitaji lugha yoyote kuwa ya taifa, na jedwali lake la nane lina lugha 22. Anayejibu upesi hukosa. Anayeijua nchi husita kwanza.

Riwaya ya Swarup nayo ina udhaifu wake. Msuko wake unategemea sadfa mno. Wahusika hurudi kwa wakati ufaao kupita kiasi, na maovu ya nchi yamepangwa sura kwa sura kama bidhaa dukani. Swali gumu kuliko yote halijibiwi sawasawa: je, kijana mwenye makovu mengine, ambayo hakuna aliyeyauliza, angekuwa mjinga? Walakini mwandishi analijua tatizo hilo. Mwishoni Ram anafichua kwamba sarafu aliyokuwa akiirusha kutafuta bahati ina kichwa pande zote mbili. Uamuzi ulikuwa wake tangu mwanzo. Ukweli huo mdogo unaiokoa riwaya isiwe hadithi ya bahati nasibu.

Filamu ina uzuri wa picha, kasi na nyimbo zisizosahaulika, na itaendelea kutazamwa. Lakini katika suala la maarifa, ambalo ndilo kiini cha kisa, kitabu kimeiacha nyuma. Kitabu kimeuliza swali ambalo mhusika wake aliweza kulijibu kwa haki. Filamu imemfanya mtoto apoteze macho kwa ajili ya wimbo, kisha haikujishughulisha kuuliza wimbo ule ulikuwa wa nani. Nepali alikuwa na jina, mji wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, na yeyote aliyetaka kumjua angeweza kumjua.